Maswali Mawili ya Mkristo: Habari za Uamsho katika Nchi ya Mara

Katika nchi yetu ya Busawe, na katika vijiji vilivyo kati ya vilima vya Tarime na mbuga za Serengeti, Mkristo mgeni akifika huulizwa maswali mawili. La kwanza huulizwa mapema, pamoja na habari za safari: "Umebatizwa? U mshiriki wa kanisa gani?" La pili huja baadaye, watu wakiisha kula, na mwenye kuuliza humtazama mgeni machoni: "Je, ndugu, umeokoka?" Tumeyazoea maswali haya hata twadhani ni swali moja. Si moja. La kwanza laweza kujibiwa kwa kufungua daftari ya mchungaji. La pili hakuna daftari iwezayo kulijibu. Tena twajua nyumba ambamo mume aliridhika na la kwanza na mke akashikwa na la pili, amani ikapotea. Na twajua makanisa madogo ya matope na nyasi yaliyogawanyika, watu wa ukoo mmoja wakawa hawasalimiani, kwa ajili ya maswali hayo mawili tu. Kwa sababu hiyo tumeona ni vema kuwaandikia ndugu wasomaji habari za mambo hayo, yalianzia wapi, na jinsi yalivyokutana katika nchi ya Mara mwaka 1942.

Swali la kwanza lilikuja na misheni. Wakatoliki na Waadventista Wasabato walikuwa wamekwisha kufika katika nchi za Musoma, hata mwaka 1934 wakaja Elam Stauffer na Orie Miller, waliotumwa na Wamennonite wa Pennsylvania katika Marekani. Walisaidiwa kutafuta mahali na Emil Sywulka wa Africa Inland Mission, aliyekuwa akiijua nchi, nao wakaanza kazi Shirati, karibu na ziwa na mpaka wa Kenya, mahali ambapo Wadachi walikuwa na boma lao zamani. Baada ya miaka michache vituo vingine vilifuata: Bukiroba, Mugango, Bumangi, na Nyabasi kwa ndugu zetu Wakuria.

Basi mwanakijiji wa siku zile aliyetaka kumfuata Kristo aliona milango mitatu, na kila mlango una bawabu wake. Bawabu mmoja alimwuliza habari za katekisimu. Wa pili alimwuliza habari za siku ya saba na nyama ya nguruwe. Wa tatu alimwambia ya kuwa mke wake lazima afunike kichwa kwa kitambaa maalum wakati wa sala, ya kuwa waaminio huoshana miguu kabla ya kuondoka katika Meza ya Bwana, na ya kuwa Mkristo haapi wala hashiki silaha. Wote watatu walimwambia ya kuwa mwenye wake wengi hana nafasi ya kubatizwa. Wazee wetu walisikiliza, wakatikisa vichwa, wakasema ya kuwa Wazungu nao wana miiko yao kama sisi.

Tusiwacheke waliotunga masharti hayo. Kanisa changa katika nchi ya pombe nyingi na wizi wa ng'ombe lilihitaji ua kama zizi linavyohitaji ua. Mtu aliyetoka katika desturi za baba zake alitaka kujua kwa hakika ni nini alichokiacha na ni nini alichokipokea, nayo masharti yalimwonyesha. Darasa la ubatizo lilimfundisha kusoma. Wengi wa baba zetu walizijua herufi kwa njia hiyo, wala si kwa njia nyingine. Na binti aliyekataa kuozwa kwa mzee mwenye wake wengi aliweza kusimama nyuma ya sheria ya kanisa, maana peke yake asingeweza kusimama mbele ya ng'ombe za mahari.

Walakini ua una hatari yake. Ng'ombe akiisha kuingia zizini huhesabiwa kuwa yumo, hata akiwa mgonjwa. Mtu aliweza kuyashika masharti yote, jina lake likawa katika daftari, mkewe akavaa kitambaa, naye usiku akaenda kwa mganga. Akaja Mezani akiwa amemchukia ndugu yake miaka saba. Mwalimu hakuwa na njia ya kuyajua hayo. Daftari huandika siku ya ubatizo, chuki haiandiki.

Hapa kuna jambo la ajabu kidogo, nalo twaomba msomaji aliangalie, kwa maana watu wetu wachache wamelisikia. Hao Wamennonite, waliokuja kwetu na masharti mengi hivyo, wenyewe walizaliwa katika ugomvi uo huo wa moyo na sheria. Katika mji wa Zürich, katika nchi ya Uswisi, mwezi wa Januari mwaka 1525, watu wachache walikutana nyumbani wakabatizana, wakiwa watu wazima. Wakubwa wao walikuwa Conrad Grebel, Felix Manz na Georg Blaurock. Wote walikuwa wamebatizwa walipokuwa watoto wachanga, na baraza la mji liliagiza ya kuwa watoto wachanga wabatizwe. Wao walisema ya kuwa ubatizo wa mtu asiyeamini bado si kitu, na ya kuwa imani ni neno kati ya mtu na Mungu wake, wala haiwezi kuamriwa na baraza. Baraza likawaona kuwa waasi. Mwezi wa Januari mwaka 1527 wakamfunga Felix Manz wakamtosa katika mto Limmat, akafa maji. Maana walisema, mwenye kupenda kubatiza kwa maji na afe kwa maji. Menno Simons, ambaye Wamennonite wameitwa kwa jina lake, alikuwa padre katika nchi ya Friesland, akaliacha kanisa lake mwaka 1536 kwa ajili ya mambo hayo hayo.

Lakini watu hawawezi kukaa pamoja bila mapatano. Mwaka ule ule wa 1527, majuma machache tu baada ya Manz kufa, wenzake walikutana Schleitheim wakaandika vifungu saba: habari za ubatizo, za kumtenga mwenye dhambi, za Meza ya Bwana, za kujitenga na ulimwengu, za wachungaji, za upanga, na za kiapo. Mwaka 1632 wajukuu wao walikutana Dordrecht katika Uholanzi, vifungu vikawa 18. Walipohamia Marekani kwa kukimbia mateso waliongeza mambo ya mavazi, namna ya koti la mwanamume na kofia ya mwanamke, ili wasichanganyike na ulimwengu. Hivyo baada ya miaka mia nne watoto wa Felix Manz walikuwa na maaskofu wenye kupima ukosi wa koti. Hatusemi neno hili kwa kudharau. Twasema kwa sababu mambo haya yalifungwa katika mizigo iliyoshushwa Shirati mwaka 1934: kumbukumbu ya watu waliokufa kwa ajili ya imani ya moyoni, na kitabu cha sheria za mavazi, pamoja.

Swali la pili lilitoka upande mwingine wa ziwa. Katika mwezi wa Septemba mwaka 1929, Joe Church, mganga Mwingereza wa hospitali ya Gahini katika Ruanda, alikwenda Kampala akiwa amechoka sana, kwa kuwa njaa kubwa ilikuwa imeipiga Ruanda na kazi yake ilionekana kuwa bure. Huko Namirembe alikutana na Mganda mmoja, Simeoni Nsibambi, aliyekuwa amefanya kazi ya serikali. Wote wawili walikuwa wabatizwa, wote wawili walikuwa washiriki wema wa kanisa la Kiingereza, na wote wawili waliona ya kuwa wamepungukiwa na kitu. Wakakaa pamoja siku mbili wakisoma Biblia na kuomba. Church akarudi Gahini akiwa mtu mwingine. Na katika Gahini alikuwapo mdogo wake Nsibambi, jina lake Blasio Kigozi, mwalimu. Huyu Blasio aliuona ubaridi wa kanisa akaumia moyo. Akatayarisha maneno ya kuwauliza wakubwa wa kanisa la Uganda katika sinodi yao: kwa nini kanisa limepoa hivi, na kwa nini watu wanaojulikana kuwa wamo dhambini huja Mezani bila kuzuiwa. Hakuyasema mwenyewe. Alishikwa na homa akafa Kampala mwezi wa Januari mwaka 1936, na maneno yake yakasomwa mbele ya sinodi naye amekwisha kuzikwa. Maneno ya mtu aliyekufa hayajibiwi kwa urahisi.

Watu wa Uamsho huo waliitwa Balokole kwa Kiganda, yaani waliookoka. Hawakuleta fundisho jipya. Hata adui zao hawakuweza kuwashtaki kwa neno hilo. Walisema tu ya kuwa yale yaliyoandikwa katika kitabu cha sala na kukaririwa kila Jumapili, habari za dhambi na damu ya Yesu na msamaha, ni lazima yawe kweli ndani ya mtu, leo, na ya kuwa mtu akiisha kuyapata hana budi kuitaja dhambi yake kwa jina lake. Si kusema "mimi ni mwenye dhambi" kama watu wote wasemavyo, bali kusema, "niliiba shuka la hospitali, nalo ni hili." Walirudisha mali waliyoiba, walipatana na wake zao, wakakumbatiana barabarani kwa wimbo wa kumsifu Yesu. Hata mwaka 1938 ujumbe wao ulikuwa umefika Maseno katika Nyanza, na kutoka Nyanza mpaka Shirati si mwendo mkubwa kwa Wajaluo, walio na ndugu pande zote mbili za mpaka.

Kabla hatujafika Shirati imetupasa kusimama kidogo Mukono, kwa maana huko ndiko moyo na sheria vilikopigana mchana kweupe. Katika chuo cha Askofu Tucker, ambapo wachungaji wa Uganda walifundishwa, walikuwamo vijana wa Uamsho, na mmoja wao ni William Nagenda. Waliamka usiku, kabla ya mapambazuko, wakaomba na kuimba na kuwahubiri wenzao juu ya wizi na uzinzi uliokuwamo chuoni. Walinena pia juu ya waalimu waliofundisha Biblia kwa namna ya wataalamu wa Ulaya, kana kwamba ni kitabu kama vitabu vingine. Mkuu wa chuo, Padre J. C. Jones, aliwakataza kukutana saa zile. Wao wakajibu ya kuwa hawawezi kuacha, kwa kuwa Mungu ndiye aliyewaamsha. Katika mwezi wa Oktoba mwaka 1941 vijana 26 wakafukuzwa.

Sisi tulio waalimu twamwelewa Padre Jones. Hakuna shule iwezayo kuongozwa ikiwa kila mwanafunzi akipewa amri aweza kujibu ya kuwa Mungu amemwambia vinginevyo. Leo atasema hivyo juu ya maombi, na kesho juu ya kulima shamba la shule. Wala hatuwezi kusema ya kuwa kila sauti isikiwayo usiku ni ya Mungu. Lakini twawaelewa na vijana pia. Walikuwa wameambiwa miaka mingi ya kuwa Roho huvuma apendako, na walipomsikia akivuma wakaambiwa angoje kengele ya saa kumi na mbili. Neno lililo kubwa zaidi ni lile lililofuata. Watu wengi walitazamia ya kuwa hao 26 watatoka na kujijengea kanisa lao, kwa maana walikuwa na wafuasi na walikuwa na sababu. Hawakufanya hivyo. Walibaki katika kanisa lililowafukuza, wakakaa viti vya nyuma, wakaendelea kushuhudia. Nagenda hakuwekewa mikono kuwa padre maisha yake yote, naye alihubiri katika nchi nyingi za Afrika na Ulaya na kwingineko mpaka kufa kwake mwaka 1973.

Mwaka uliofuata, yaani 1942, moto ulishika Shirati. Waliokuwapo walisimulia ya kuwa watu walikuwa wamekusanyika kwa ibada ya Jumapili kama desturi, hata katikati yake wengine wakaanza kulia, na mmoja akasimama na kuungama, na mwingine, na mwingine, hata utaratibu wa ibada ukasahauliwa. Miongoni mwa walioguswa siku zile alikuwamo Zedekia Kisare, ambaye habari zake zimeandikwa na Joseph C. Shenk katika kitabu kilichotoka mwaka 1984. Kutoka ziwani ujumbe ulipanda kwenda vituo vingine, ukapita kwa miguu ya waalimu na wanawake waliokwenda kuwaamkia ndugu zao.

Hapo ndipo Wamisionari wa Kimennonite walipotahiniwa. Wangefanya nini? Kwa upande mmoja mambo yaliyotokea hayakuwamo katika vifungu vyao 18: kulia kanisani, mwanamke kusimama akasema, mtu asiye na cheo kumwonya mwenye cheo. Kwa upande wa pili, je, si haya waliyoyafia baba zao katika mto Limmat? Wengine waliogopa, wakasema ni machafuko. Lakini wengine, na Elam Stauffer mwenyewe, ambaye siku hizo alikuwa amekwisha kuwa askofu, waliukubali ujumbe. Nao kuukubali hakukuwa kazi ndogo. Kulimpasa Mzungu kukaa benchi moja na watu aliowabatiza, asikilize wanavyosema habari za moyo wake, na kukiri hasira zake na kiburi chake mbele yao kama wao walivyokiri wizi wao.

Twaona ya kuwa katika jambo hili limo jibu la swali ambalo watu huuliza mara nyingi, yaani kwa nini Uamsho haukulipasua kanisa la Mara mwaka ule. Tazameni mambo yaliyotokea karibu nasi. Katika Musanda, upande wa Nyanza, Alfayo Odongo Mango, shemasi wa kanisa la Kiingereza, alikuwa na watu waliosema wamejazwa Roho, wakiona maono na kuomba kwa sauti kuu. Kulikuwa na ugomvi wa mashamba kati ya Wajaluo na Wawanga pia, nao ugomvi huo uliingia katika habari za dini. Wakubwa wa kanisa walisimama mbali naye. Mwezi wa Januari mwaka 1934, mwaka ule ule ambao misheni ya Shirati ilianza, adui zake walimshambulia nyumbani, wakaichoma moto, akafa yeye na wafuasi wake kadhaa. Waliosalia walifanya kanisa lao wenyewe, ambalo limeendelea hata leo kwa jina la Roho. Tena katika Nyanza hiyo hiyo, ndugu wa Uamsho walianza kugombana wao kwa wao baada ya mwaka 1948, hata mwaka 1957 Matthew Ajuoga na wachungaji wenzake wakatoka katika kanisa la Kiingereza pamoja na maelfu ya watu, wakaitwa Johera, yaani watu wa upendo. Katika mahali pote pawili kulikuwa na mambo mengi, mashamba na vyeo na ukabila, wala hatutaki kumtwika mtu mmoja mzigo wote. Ila neno moja huonekana: mahali ambapo mwenye daftari alibaki amesimama huku wengine wamepiga magoti, daftari ilipasuka. Shirati baadhi ya wenye daftari walipiga magoti.

Tusidhani kwa hiyo ya kuwa mambo yalikuwa meupe tangu siku hiyo. Maaskofu wa Pennsylvania waliendelea kuuliza habari za koti na kitambaa, na Wamisionari walioguswa na Uamsho walikuwa na taabu ya kuwaeleza ya kuwa kuna jambo kubwa kuliko ukosi. Wengine walipokwenda kwao kwa likizo waliushuhudia Uamsho huko huko, hata Wazungu wa Pennsylvania wakaisikia habari ya wokovu kutoka Tanganyika. Wazee wetu walicheka kidogo waliposikia, wakasema ndama amerudi kumnyonyesha mamaye.

Na kuna jambo lingine ambalo ndugu wa Uamsho hawapendi kulisikia, lakini mwandishi wa historia hawezi kuliruka. Wale waliokataa kupimwa kwa sheria walijitungia sheria. Haikuchukua miaka mingi. Ushuhuda uliokuwa kilio mwaka 1942 ukapata mpango wake: jina, salamu ya kumsifu Bwana, dhambi za zamani, siku ya kuokoka, ushindi wa leo. Kijana aliyesema kwa maneno mengine alitazamwa kwa mashaka. "Kutembea nuruni" kulikuwa kwanza ni furaha ya mtu asiye na cha kuficha. Baadaye kwa wengine kulikuwa ni kodi, maana kila juma ilikupasa kuleta dhambi mpya mbele ya ndugu, na asiyeleta aliambiwa ya kuwa moyo wake umekuwa mgumu. Ndugu walianza kuamua nani aoe nani. Katika Uganda lilitokea kundi lililojiita Wazukufu, yaani walioamka tena, likawaona Balokole wenyewe kuwa wamepoa, na miongoni mwa sheria zake kubwa ilikuwamo ya kukataza kukopa fedha. Msomaji ataona jinsi gurudumu linavyozunguka: Blasio aliuliza kwa nini kanisa limepoa, na baada ya miaka thelathini na kitu wengine waliwauliza watoto wa Blasio swali lile lile.

Tena wale walioshika sheria ya kutokuwa na sheria ndio waliokuwa wakali kuliko wote. Mchungaji mwenye daftari aweza kukutenga, lakini ana kitabu, nawe waweza kusoma kosa lako ni kifungu gani na baada ya miezi mingapi utarudishwa. Ndugu anayekuambia ya kuwa hujavunjika moyoni hana kitabu. Utamwendea nani kukata rufani? Twamjua mwanamke mmoja katika nchi hizi aliyeachwa kusalimiwa na ndugu muda mrefu, hata akafa hajui kosa lake. Yako mambo ambayo vifungu 18 vya Dordrecht, pamoja na ukavu wake wote, visingemtenda.

Hayo tumeyasema kwa haki. Lakini haki yataka pia tueleze siku ambayo imani ya moyoni ilichukua mzigo ambao sheria ya kanisa haikuuweza. Vita vya Mau Mau vilipoanza katika Kenya mwaka 1952, Wakikuyu waliapishwa viapo kwa ajili ya ardhi yao iliyochukuliwa; na shauri lao la ardhi lilikuwa shauri la kweli, hakuna haja ya kulificha. Katika kanisa nyingi sana wabatizwa waliapa, wengine kwa hiari na wengine kwa kuogopa kufa. Lakini ndugu wa Uamsho wengi walikataa. Walisema ya kuwa wamekwisha kunywa damu ya Yesu Mezani, nao hawawezi kunywa damu nyingine juu yake. Baadhi yao waliuawa kwa sababu hiyo. Na serikali ilipowaambia wachukue bunduki wakawapige Mau Mau, wengi wao walikataa na hilo, wakasema hawawezi kumwua mtu ambaye Kristo amemfia. Wakatukanwa na pande zote mbili.

Hao hawakuwa Wamennonite. Walikuwa watu wa kanisa la Kiingereza na la Kipresbiteri, na makanisa hayo hayana sheria ya kukataza upanga. Hakuna aliyewasomea vifungu vya Schleitheim juu ya kiapo na juu ya silaha. Wengi wao hawakupata kulisikia jina la mji huo. Sisi tulikuwa na vifungu hivyo katika karatasi tangu Wamisionari walipofika, tukavikariri darasani, nao walivipata kwa njia nyingine wakavitimiza. Ni haki kuongeza ya kuwa Mmennonite wa Mara hakutahiniwa namna hiyo miaka ile, wala hatuwezi kusema angejibu nini.

Katika nchi yetu mambo yalikwenda kwa utulivu zaidi. Mwaka 1950 Waafrika wa kwanza wa kanisa la Mennonite waliwekewa mikono kuwa wachungaji, naye Zedekia Kisare alikuwa mmoja wao. Mwaka 1960 kanisa la Tanganyika likapata kujisimamia lenyewe. Halafu mwaka 1967 Kisare akawekwa kuwa askofu, Mwafrika wa kwanza katika kanisa hilo. Tangu hapo daftari ya washiriki ilikuwa mikononi mwa mtu aliyelia katika ibada ya Shirati mwaka 1942, na sasa ilimpasa yeye kusema ni nani abatizwe na ni nani atengwe, ni mwenye wake wangapi akae nje, na ni kitambaa kipi kitoshe. Wanaomkumbuka husimulia ya kuwa aliyasikiliza mashauri hayo kwa saa nyingi.